Ijumaa ya Kutia Gari Moto

Shamba la Ngano, Basotu,
Hanang.
28 Agosti, 1983

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi jikoni, umenyoosha miguu, na Natalia yuko mlangoni penye mwanga ili asome bila kubahatisha. Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na lile koti ulilonipa linanifaa sana kwa baridi ya asubuhi ya huku. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatuchezea? Nisalimie Baba Mdogo Bura na watu wote wa Masieda, hasa wale waliokwisha kunililia.

Natalia, na wewe hujambo? Soma polepole, usiruke neno. Nikitaka uruke nitakuambia mwenyewe.

Mama, salamu zako nilizipata kwa Mzee Tluway alipokuja mnadani. Alinikuta nafagia stoo, akasimama mlangoni akanikodolea macho, kisha akanigusa bega kuhakikisha kama ni mimi. Akasema habari iliyofika Masieda ni kwamba Basili wa Efrazia ametia moto gari la mzungu, gari limeteketea lote, na Basili amefungwa Katesh. Akasema ulilia sana, halafu ukauliza kama huko gerezani wanapewa blanketi. Nilisikia uchungu, Mama. Lakini sikutaka kukujibu kwa kinywa cha Mzee Tluway, kwa sababu nina wasiwasi kwamba ile habari ya kwanza nayo aliibeba yeye. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Sijafungwa. Gari halijaungua hata tairi. Ila kwamba kulikuwa na mpango wa kulitia moto, na kwamba niliutangaza mwenyewe mbele ya kanisa, hilo siwezi kukataa. Tulia nikueleze.

Unamkumbuka Bwana Gordi, yule Mkanada wa mitambo mwenye ndevu nyekundu niliyekusimulia Krismasi. Anaishi kwenye gari. Sisemi kwamba gari linavuta nyumba. Gari lenyewe ndiyo nyumba. Ndani kuna kitanda, meza, jiko la gesi, sinki la kuoshea vyombo na, Mama, choo. Choo hicho na jiko vinatazamana. Nimekiona kwa macho yangu na sitaki tukiongelee zaidi.

Gari hilo lina betri mbili. Moja ni ya nyumba, kazi yake ni taa na feni. Ya pili ni ya injini, na hiyo ndiyo iliyoniletea balaa. Gari likiegeshwa muda mrefu, betri ya injini inaisha moto kidogo kidogo, kwa sababu kuna saa pale mbele inayoendelea kunyonya hata mwenyewe akiwa amelala kwao Kanada. Moto ukiisha, stata haizunguki, na nyumba nzima inabaki pale pale mpaka kuku waanze kutagia ndani. Dawa yake ni kuiwasha injini kila wiki na kuiacha ingurume kwa muda wa kutosha, ili irudishe kwenye betri kile kilicholiwa.

Sasa, baada ya kupanda ngano Bwana Gordi alipata habari kwamba mke wake amefanyiwa upasuaji, akalazimika kwenda. Alituita mimi na Selemani, fundi wa umeme wa magari pale karakana, akatukabidhi ufunguo. Gari lisiendeshwe, alisema, ila betri ya injini itunzwe. Siku atakayorudi atazungusha ufunguo mara moja tu. Injini ikishika, Basili ataacha ufagio na kuingia karakana kujifunza kazi chini ya Selemani, maana meneja ameshakubali. Isiposhika, kila mtu atabaki alipo.

Unajua kwa nini maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Mzee Qamara wa Hirbadaw, baba yake Zita, alikwisha kutamka mbele ya watu kwamba binti yake hataolewa na ufagio. Tangu wakati huo akipita stoo kwetu anatazama upande wa ziwa, hata kama nimemwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

Huyu Selemani ni mzaliwa wa Katesh, kwao ni watu wa duka, na Kiswahili chake kinateleza. Sisi tunasema kuwasha gari. Yeye anasema kulitia gari moto. Kila Ijumaa akitoka msikitini atasema, haya, Basili, twende tukalitie gari moto. Nililipenda sana neno hilo, Mama. Niliona lina ufundi ndani yake. Ukilisema unajisikia umeshavaa ovaroli. Kwa hiyo mashine za kuvunia zilipoanza kuharibika na Selemani akakosa nafasi, akaniachia ufunguo, akasema Ijumaa inayokuja ni yangu peke yangu, basi nililibeba neno lile mpaka kigangoni Hirbadaw siku ya Jumapili.

Baada ya ibada Mzee Qamara alikuwa amesimama uani na Zita pembeni yake. Nilimwamkia, nikasogea karibu asipate pa kutazama, nikamwambia kwamba Ijumaa hii nitalitia moto gari la mzungu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alinitazama usoni. Aliuliza ni amri ya nani. Nikasema ni amri ya mwenye gari. Aliuliza mwenye gari yuko wapi. Nikasema amekwenda kwao. Aliuliza, na vitu vilivyomo ndani? Nikamwambia kwa majivuno kwamba vile vingine ni vya kawaida tu, kitu chenyewe ni betri, betri ikifa hakuna kilichobaki. Akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama nina hakika ninaweza kufanya jambo kama hilo. Nikasema nimejifunza vizuri na sina hofu hata kidogo. Niliondoka pale nikitembea kwa madaha, nikijua nimemshangaza mzee. Na kweli nilikuwa nimemshangaza.

Alhamisi ni siku ya mnada. Sebastiani, mlinzi wetu, alikwenda kuangalia bei ya mbuzi, na shamba zima lilikuwa huko. Ijumaa nilifika kwenye gari nikiwa nimeoga na kuchana nywele. Mama, nilikuta watu. Walikuwa wengi kuliko siku ya kipaimara. Akina mama walikuwa na ndoo za maji. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mstari, kila mmoja na viazi vyake mkononi, na nilipowauliza vya nini wakasema vya kuchoma. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Akonaay, alikuwa amesimama mbele ya boneti na mgambo wawili, ametanua mikono. Akasema mwaka huu wa kupambana na wahujumu uchumi, hatakubali gari liteketezwe kwenye eneo lake. Nikamweleza kwamba sikuja kuteketeza, nimekuja kutia moto. Maelezo hayo hayakusaidia.

Kwa bahati nzuri Selemani alitokea, akawaambia ni kuwasha injini tu, akanisukuma nipande. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya kile kile. Tukafungua boneti, na pale pa betri palikuwa wazi. Betri haipo. Mtoto mmoja akauliza kama sasa anaweza kurudi nyumbani na viazi vyake.

Selemani aliinama akaangalia waya. Hazikukatwa wala kuvutwa; zilifunguliwa kwa spana, zikafutwa na kulazwa kila moja upande wake. Akasema bila kufikiri kwamba aliyefanya hivi anajua kazi, maana mwizi wa kawaida hukata. Mara alipokwisha kusema watu wote wakanitazama mimi, mwenye ufunguo, niliyekuwa nimejigamba kanisani kwamba nimejifunza vizuri. Selemani alijiuma mdomo, lakini maneno yalikwisha kutoka.

Gereza ulilolisikia, Mama, ni ofisi ya Bwana Akonaay. Nilikaa humo mchana mmoja kwenye benchi, mke wake akaniletea chai na kiporo cha ugali. Blanketi sikuhitaji. Lakini usidhani nilikuwa natania. Meneja alikuja akasema kwamba kama betri haijapatikana mpaka Bwana Gordi arudi, nitakwenda Katesh na mgambo na huko nitajieleza. Betri ya kununua hakuna. Unajua maduka yalivyo mwaka huu, hata sabuni tunaisikia kwa jina. Nilitafuta kila mahali. Nilitafuta karakana, nikatafuta kwa wenye redio kubwa, nikazunguka mnada mzima nikiinua magunia ya watu. Nilikonda. Nilikuwa nikimwaza Zita na baba yake, na jinsi atakavyosema kwamba afadhali ule ufagio kuliko mwizi.

Kisha habari ikaja kwamba Bwana Gordi anarudi Jumatatu. Siku ya Jumamosi Zita alipita stoo, akasimama kana kwamba anatoa jiwe kwenye kiatu, akasema bila kunitazama kwamba baba yake siku hizi anaanika kitu juu ya tembe, na si mahindi. Akaenda zake.

Nilifika Hirbadaw nikihema. Mzee Qamara alikuwa juu ya paa la tembe, amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Mbele yake, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa vizuri, palikuwa na yale mawe ya redio yake anayoyaanika kila siku ili yarudishe moto, kama sisi sote tunavyofanya. Na katikati ya mawe hayo ilikaa betri ya Bwana Gordi. Ilikuwa safi kuliko sahani zetu za Pasaka. Wakati napanda, mzee aliigeuza kwa mikono miwili ili ubavu mwingine upate jua.

Majirani wake walikuwa wamekaa pale pale wanasikiliza, na ilionekana si mara ya kwanza. Nikaamkia. Mzee akanikaribisha, akaagiza niletewe chai, akaanza kunisimulia mimi habari zangu mwenyewe. Alisema alipoambiwa kwamba mzungu ameondoka na kuacha amri nyumba yake ichomwe, aliona huo ni wazimu wa watu walioshiba, lakini amri ya mwenye mali huwezi kuizuia. Basi akaona aokoe japo kile kitu kimoja ambacho kijana alisema ndicho cha maana. Alhamisi ya mnada akaenda na binti yake na spana ya plau, wakaichukua, na tangu hapo anaianika asubuhi na kuiingiza ndani jioni, mpaka aikabidhi kwa mwenyewe mkononi. Halafu akaniwekea mkono begani mbele ya wale majirani. Akasema Ijumaa alingoja kuona moshi kutoka upande wa shamba. Alingoja mpaka jua likazama, moshi hakuuona. Hapo ndipo alipotambua kwamba Basili, pamoja na kuamriwa, amekataa kuchoma nyumba ya mtu. Na kwa ajili hiyo walimweka kwenye benchi la mwenyekiti. Akasema kijana wa namna hiyo hamwiti tena ufagio, na kama wazee wangu wanataka kuja kuzungumza, mlango uko wazi.

Mama, nilifungua mdomo nimweleze. Zita, aliyesimama nyuma ya baba yake, akatikisa kichwa kunikataza. Nikaufunga mdomo, nikanywa chai.

Meneja nilimwambia kwamba betri iko mikononi mwa mzee mmoja mwaminifu na Jumatatu italetwa. Akasema ataamini akiiona. Mimi nilikuwa na hofu ya pili. Mzee hakukubali niiguse, kwa hiyo sikujua kama bado ina moto. Usiku wa Jumapili nilisali rozari nzima kwa ajili ya betri. Padri asijue.

Jumatatu Bwana Gordi alishuka na mizigo yake, amechoka lakini anacheka, mke wake amepona. Mara tukamwona Mzee Qamara anakuja kwa koti la Jumapili, na Zita ameibeba betri kifuani, imefunikwa blanketi. Mzee aliikabidhi kwa mikono miwili. Bwana Gordi aliifunua, akaitazama, akamtazama mzee, akanitazama mimi. Selemani akaifunga mahali pake huku akinong'ona Bismillahi. Bwana Gordi akapanda, akazungusha ufunguo.

Ilishika, Mama. Mara moja! Iliunguruma mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la stoo. Nililia, sikuona haya. Bwana Gordi akashuka akauliza kwa Kiswahili chake tumeitunzaje namna hii. Mzee Qamara akajibu neno moja, jua. Bwana Gordi alicheka mpaka akashika mlango. Baadaye alitueleza kwamba jua halikuongeza kitu, ila kuitoa betri kwenye gari kuliiokoa na ile saa inayonyonya, na kwamba ikiwa imejaa na kufunguliwa waya inakaa na moto wake kwa wiki nyingi. Lakini wakati ule alimshika mzee mkono akausukasuka kwa muda mrefu, na mzee akawa amesimama wima sana.

Yangeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha. Lakini mzee alimgeukia Selemani, akauliza huo muungurumo ni wa nini. Na Selemani, kwa Kiswahili chake cha dukani, akajibu kwa heshima zote kwamba gari limeshatiwa moto, mzee wangu.

Mzee Qamara alisogea kwenye boneti. Alitazama injini. Akauliza, kumbe moto wenyewe ni huu? Selemani akasema ndio huu. Akauliza, na wa Ijumaa ile? Selemani akasema ndio huu huu, hakuna mwingine. Mzee akanishika mkono akanipeleka nyuma ya trekta.

Aliongea nami kwa lugha yetu ili Selemani asifuate. Aliniuliza kama siku ile juu ya paa nilijua kwamba amekosea. Nikasema nilijua. Akauliza mbona sikusema. Nikamwambia ukweli, kwamba majirani walikuwa wanasikiliza, naye alikuwa anaifurahia habari yake, nami nikashindwa kumwaibisha nyumbani kwake. Niliona kabisa mlango ule uliokuwa wazi unafungwa. Alichora mchanga kwa fimbo. Kisha akasema kwamba habari za spana na ufagio ni za mzungu na meneja, yeye hazimhusu tena. Lakini mtu anayejua kwamba mwenye nyumba amekosea, naye akanywa chai yake na kunyamaza, huyo ataishi vizuri na Zita, maana Zita hapendi kabisa kusahihishwa. Akaongeza kwamba majirani wa Hirbadaw wataendelea na ile habari ya kwanza. Nikasema mimi sijui nyingine.

Natalia, hapa nilitaka uruke. Nimebadili mawazo, soma, maana Mama atakuja kujua na atakulaumu wewe.

Jioni Zita alinisindikiza hadi njia panda, akaniambia jambo. Pale uani kigangoni, nilipomwambia baba yake kwamba nitatia gari moto, yeye alielewa tangu mwanzo. Nilishamfundisha neno hilo, na nilishamfundisha hata namna ya kuinua boneti bila ufunguo na kufungua betri, waya wa hasi kwanza. Alifungua mdomo amweleze baba yake, halafu akafikiri. Kwa miaka miwili baba amekuwa akipita stoo anatazama ziwa. Sasa akiwa na kitu cha Basili ndani ya nyumba, Basili itabidi aje, na baba itabidi amtazame. Basi akanyamaza, akabeba spana. Waya ni yeye aliyezifungua na kuzifuta. Alidhani nikiona kazi ilivyofanyika nitajua mara moja ni mkono wa nani, na kesho yake Jumamosi nitakuwa mlangoni kwao. Alingoja. Akangoja tena. Alisema alikuwa ananifikiria mwenye akili zaidi kidogo.

Nilikasirika, Mama, siwezi kukuficha. Nilimwambia kwamba kwa akili zake nilikaribia kwenda Katesh na mgambo. Akalia kweli kweli, akasema mambo ya mgambo hakuyapanga, na kila usiku alikuwa anataka kuja kusema ila baba alikuwa na furaha ambayo hajaiona tangu mama yao afariki. Aliniuliza kama ninataka aende sasa hivi akamweleze baba yake yote. Nilimtazama. Nikamwambia aache, tumekwisha kunyamaza wawili, tunaweza kuendelea hivyo hivyo tukiwa nyumba moja. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba msichana huyu amenizidi akili. Nimeshajiambia, na bado ninamtaka.

Sasa, Mama, jiandae. Tangu jana ninavaa ovaroli ya karakana, imenipwaya lakini ni yangu. Mwambie Baba Mdogo Bura atafute wazee wawili wasiopenda kuongea sana, twende Hirbadaw. Bwana Gordi amesema kwa mgongo wako hutapanda lori. Atakuja mwenyewe Masieda Jumamosi ijayo na lile gari, utalala kitandani mpaka kwa wakwe zako. Kile choo usikitazame ukipita.

Wasalimie wote, na Mzee Tluway mwambie nimefunguliwa. Selemani naye atakuwepo, mpokeeni vizuri. Asubuhi ya kuondoka, mkimsikia anasema mlangoni kwenu kwamba gari litiwe moto, wewe panda tu ukae. Na waambie majirani, tafadhali, wasije na maji.

Mimi mwanao akupendaye,
Basili